Hesabu ya 1945 na mafundi ambao hawakupanda angani

Likizuka gumzo la waandishi wa hadithi za kubuni za kisayansi walioiona teknolojia ya leo mapema, jina la Arthur C. Clarke halikosi kutajwa. Ushahidi wake ni mzito. Oktoba 1945, akiwa kijana wa miaka 27 aliyefanya kazi ya rada katika jeshi la anga la Uingereza, alichapisha makala katika jarida la Wireless World. Alieleza kwamba chombo kinachozunguka juu ya ikweta, kilomita 42,000 kutoka kitovu cha dunia, kitakwenda sambamba na dunia inavyojizungusha, na aliye chini atakiona kimetulia palepale. Vituo vitatu vya aina hiyo vingefikisha redio karibu dunia nzima. Kipimo kamili tunachotumia leo ni kilomita 42,164.

Alipendekeza hata pa kuviweka. Kituo cha Afrika na Ulaya alikipa nyuzi 30 mashariki, na ukiufuata mstari huo hadi ikweta unatokea magharibi mwa Uganda, upande wa Kasese. Setilaiti inayoleta DStv Afrika Mashariki iko nyuzi 36 mashariki. Alisema pia kwamba msikilizaji angehitaji dishi dogo tu, labda la sentimita 30.

Mtu akiyasoma hayo, ni rahisi aamini kwamba kazi ilikwisha 1945 na wahandisi walibaki kutekeleza. Hapo ndipo wanapodhulumiwa.

Kwanza, kile kimo hakihitaji utabiri. Kinatokana na kanuni za Newton: ukijua uzito wa dunia na muda wa mzunguko mmoja, umbali unajitokeza wenyewe. Herman Potočnik, mhandisi wa jeshi la Austria, alikuwa ameshaeleza kituo cha angani kinachosimama juu ya sehemu moja ya dunia, katika kitabu kilichochapishwa kwa tarehe ya 1929. Jipya la Clarke, na ni kubwa kweli, lilikuwa kuona kwamba mahali pale ndipo pa kuweka mnara wa matangazo. Tena aliliandika katika jarida la wataalamu wa redio, pamoja na hesabu zake, wala si katika hadithi.

Pili, tazama alichokosea. Vituo vya Clarke vilikuwa na watu ndani. Vilikuwa na makazi, maabara, na roketi za kupeleka chakula na kubadilisha zamu. Mwaka 1945 redio ilitegemea valvu, vile vichupa vya kioo vyenye waya unaowaka ndani. Waya huo huchoka na kukatika kama wa balbu, na mtambo mkubwa ulihitaji fundi wa kuchomoa kilichoungua na kuchomeka kipya. Transista, kijifaa kidogo kilichochukua nafasi ya valvu, ilikuja Desemba 1947, na seli za jua za silikoni 1954. Clarke aliwaza kwa vifaa vya siku zake, na hilo si kosa la kumcheka. Ila linaonyesha ugumu ulikuwa wapi.

Mtu mmoja hutumia karibu kilo moja ya hewa ya oksijeni kwa siku. Syncom 2, setilaiti ya kwanza kufanya kazi katika mzunguko wa siku moja, iliyorushwa Julai 1963, ilikuwa na uzito usiofika kilo 40 ilipokuwa angani. Yaani oksijeni peke yake ya mtu mmoja kwa siku arobaini na ushei ingelingana na setilaiti nzima: redio, betri, paneli za jua na mfumo wa kuiongoza. Bado hujapakia maji, chakula, kuta za kuzuia hewa isivuje, wala chombo cha kumrudisha nyumbani. Roketi za wakati ule zisingeubeba mzigo huo hadi kule juu.

Kwa hiyo swali lililowakabili Harold Rosen na wenzake katika kampuni ya Hughes halimo katika makala ya 1945: utatengenezaje redio nyepesi itakayoishi peke yake miaka, bila mkono wa mtu kuigusa? Waliizungusha setilaiti kama pia ya watoto ili isiyumbe, wakaisukuma kwa vijimlipuko vidogo vya gesi vilivyopigwa kwa kufuata mzunguko wake. Tarehe 23 Agosti 1963 Rais Kennedy aliongea kupitia Syncom 2 na Waziri Mkuu wa Nigeria, Abubakar Tafawa Balewa, kwa msaada wa meli yenye mitambo iliyotia nanga bandarini Lagos.

Dishi dogo nalo lilichelewa. Setilaiti ya Early Bird ya 1965 ilirusha kwa wati 6 hivi, na kule Goonhilly, Uingereza, antena ya kuipokea ilikuwa na kipenyo cha mita 26. Hadi leo dishi nyingi za nyumbani ni za sentimita 60 hadi 90.

Mwenye kuitetea hadithi ana jibu zuri. John Pierce wa Bell Labs, maabara ya utafiti ya kampuni ya simu ya Marekani, aliyekuwa nyuma ya setilaiti ya mawasiliano ya Telstar, aliandika hadithi za kisayansi kwa jina la J. J. Coupling. Waliokuwa mezani wakichora mitambo walikuwa wamezoea kufikiria anga kama mahali pa kazi. Hilo nalikubali bila kinyongo. Lakini kumzoeza mtu kufikiri ni jambo moja, kumpa ramani ni jingine.

Mtazame fundi anayefunga dishi Dar es Salaam kuelekea nyuzi 36. Anahakikisha bomba limesimama wima kwa pima maji, maana likiegemea, vipimo vyote vya kwenye bano vinadanganya. Analiinua hadi nyuzi 81 hivi, karibu utosini. Akikosea nyuzi moja, analenga patupu zaidi ya kilomita 600 pembeni mwa setilaiti. Akishakaza bolti anashuka paani, na huenda asirudi miaka kumi. Anaweza kufanya hivyo kwa sababu setilaiti, inayovutwa na mwezi na jua hadi mzunguko wake uiname kwa karibu nyuzi moja kila mwaka, inarudishwa kila mara mahali pake kwa mafuta yake yenyewe. Mafuta yakikaribia kwisha, kwa kawaida baada ya miaka kama 15, husogezwa juu kilomita 300 hivi na kuachwa, hata kama redio zake zingali nzima.

Februari 2020, setilaiti ya Intelsat 901, iliyorushwa 2001 na ambayo mafuta yake yalikuwa yakielekea kwisha, ilifuatwa na chombo kiitwacho MEV-1. Kiliishika kwa nyuma na kuanza kuisukuma kwa injini zake, nayo ikarudi kazini. Fundi wa Clarke alikuwa amefika hatimaye, naye pia hakuwa na mtu ndani.