Tenda ni ya nani: mwenye cheti au mwenye cherehani?

Jirani yangu hapa Mikindani, Mombasa, ni fundi wa nguo. Polio ilimwachia miguu isiyoweza kukanyaga pedali, hivyo kwa miaka mingi alishonea cherehani ya mkono: mkono wa kulia ukizungusha gurudumu, wa kushoto peke yake ukiongoza kitambaa. Kola ya shati la shule ilimtoa jasho. Halafu jamaa zake wakamchangia mota ndogo. Ilifungwa ubavuni mwa cherehani, swichi ikawekwa juu ya meza aibonyeze kwa kiwiko. Mikono yote miwili ikawa huru, na kazi ya siku mbili akaimaliza kwa siku moja.

Nimeanza naye kwa sababu kila tunapojadili kama serikali isaidie viwanda vya nyumbani ili wanyonge wapate ajira, huwa tunawazungumzia watu hawa kama mzigo wa kubebwa. Ujuzi jirani yangu alikuwa nao tangu zamani. Alichokosa ni mota, na alipoipata mota, akakosa mnunuzi.

Serikali ya Kenya imejaribu njia mbili. Ya kwanza ni kusamehe kodi. Chini ya mpango wa EPZ, yaani maeneo maalumu ya viwanda vya kuuza nje, uliowekewa sheria mwaka 1990, kiwanda kinachouza bidhaa nje husamehewa kodi ya mapato kwa miaka 10. Pwani imefaidika, nami sitalidharau hilo. Wapo wanawake wengi mjini humu walioingia viwanda vya nguo bila cheti chochote, wakajifunzia kazi mle mle na kusomesha watoto kwa mshahara huo. Tatizo ni kwamba ajira hizo zimeegemea soko la Marekani kupitia AGOA, mpango wa Marekani ulioanza mwaka 2000 wa kuingiza bidhaa za Afrika bila ushuru. Muda wake ulipokwisha Septemba 2025 bila kuongezwa kwa wakati, riziki ya mshonaji wa Mombasa ikawa inasubiri uamuzi wa wabunge wa Washington, watu asioweza hata kuwapigia kura.

Njia ya pili ni serikali yenyewe kuwa mnunuzi, na mimi niko upande huu. Kifungu cha 227 cha Katiba kinaruhusu makundi yaliyoachwa nyuma yapendelewe katika zabuni, na tangu 2013 mpango wa AGPO umetenga asilimia 30 ya zabuni za serikali kwa kampuni za vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Lakini fungu hilo huanza kwa kuuliza kampuni ni ya nani, si nani aliyeshona. Kijana mwenye cheti cha AGPO anaweza kununua sare zilizokwisha shonwa ng'ambo, zilizoteremshwa bandarini Kilindini ndani ya kontena, akazipeleka shuleni na kulipwa. Hajaiba, na yeye pia anatafuta riziki. Ila hakuna cherehani hata moja ya Mikindani iliyozunguka kwa ajili ya tenda hiyo.

Mwaka 2020, shule zilipojiandaa kufunguliwa wakati wa korona, serikali iliagiza madawati kwa mafundi wa jua kali mitaani. Hapo aliyetafutwa alikuwa fundi. Karakana za Bombolulu, hapa Mombasa, ambako watu wenye ulemavu wametengeneza mapambo, nguo na viti vya magurudumu tangu 1969, zingenufaika sana na maagizo ya namna hiyo. Soko lao la watalii halina uhakika. Mwaka 2014 Uingereza ilipotoa tahadhari kuhusu Mombasa, kuna watalii waliorudishwa kwao kwa ndege kabla likizo zao hazijaisha.

Wanaopinga wana hoja nzito. Shati la hapa likizidi lile la kontena kwa bei, tofauti italipwa na mama muuza mahamri, naye pia ni mnyonge, tena pesa hizo zingenunua dawa za zahanati. Hili sina jibu jepesi la kulifuta. Nakubali upendeleo uwe na kikomo cha bei na cha miaka, maana fundi mwenye uhakika wa kununuliwa hata akishona ovyo, atashona ovyo.

Hoja ya pili ni kwamba karakana za peke yao huwatenga walemavu. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ambao Kenya iliuridhia 2008, unawatambulia haki ya kufanya kazi katika soko lililo wazi kwa wote, na sheria yetu ya 2025 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awatengee asilimia 5 ya nafasi. Ni haki kabisa. Lakini mwambie makanga wa matatu ya asubuhi asubiri kiti cha magurudumu kipakiwe, uone atakavyokujibu. Mpaka barabara na milango ya viwanda ibadilike, kazi imfuate fundi alipo.

Kinachonitia uchungu zaidi ni malipo. Kikundi cha jirani yangu kiliwahi kupata tenda ya sare kutoka ofisi moja ya umma, kwa bei nzuri. Vitambaa walikopa Biashara Street. Malipo yalichukua miezi tisa, na muda wote huo mwenye duka alikuwa akipiga simu kila Ijumaa. Sasa wanashonea shule moja ya binafsi inayowapa bei ya chini kwa kila shati, lakini arbuni ya nusu hulipwa kabla mkasi haujagusa kitambaa. Nilimuuliza kama tenda ya serikali ikitangazwa tena ataomba. Akasema kwanza amwulize mwenye duka.