Kanzu Juu ya Mnazi

Mwaka 1498 meli ya Vasco da Gama ilikwama kwenye fungu karibu na Tongoni, ikangoja maji yajae ndipo ikanasuka. Mimi nilikwama Tongoni hiyohiyo, ila juu ya mnazi, na maji yangejaa vipi yasingenisaidia.

Nilikwenda ukweni. Mama mkwe akasema kama anajisemea mwenyewe, "Jua hili, dafu lingefaa." Mkwezi alikuwa arusini, harudi mpaka alasiri. Mimi ni mtoto wa Ngamiani, Tanga mjini, dafu nalijua likiwa kwenye baiskeli limeshakatwa kichwa. Lakini mkwe kaongea, shemeji zangu wote wananitazama. Nikajikuta nasema, "Mama, nakuangulia sasa hivi."

Mnazi wenyewe ulikuwa umekatwa vidato. Shule niliishia cha nne. Hapa nilihesabu vidato ishirini na ushei, wala hakuna mtihani.

Nilichoogopa ni nyuki. Mambo yao nayajua: hawapatani na nguo nyeusi wala manukato, na mimi nilivaa shati jeusi na nimefukizwa udi kama bibi arusi. Basi nikaoga upya bila sabuni, nikaazima kanzu nyeupe ya baba mkwe, nikaipandisha na kuifunga kiunoni. Nikauzunguka mnazi, nikautegea sikio, nikakagua kila tundu. Nyuki hakuna! Ningeutazama na mwembe ulioulalia mnazi ule, leo nisingekuwa na la kusimulia.

Juu kabisa, chini ya kuti kavu, nikakutana uso kwa uso na nyumba ya nyigu, upana wa kisahani cha chai. Wenyewe wakainua mabawa, wakanikodolea macho. Nyigu usimtikisie nyumba, usimpulizie pumzi. Nikatulia. Hata mate sikumeza.

Ndipo nikahisi kitu kinatambaa pajani.

Maji moto, wale sisimizi wakali wa mitini! Walivuka kwa tawi la mwembe, ambako wameshona majani yao wakajenga, wakakuta kanzu imefungwa vizuri, mfuko wa joto na mtu ndani. Maji moto hana mwiba. Anang'ata, kisha anainua mkia na kukumwagia tindikali palepale alipong'ata. Jina lile hakupewa kwa mzaha.

Nikijikuna, nyigu. Nisipojikuna, naliwa. Kuvua kanzu nako, mama mkwe yuko chini ameinua uso.

"Baba, umeyapata?"

"Bado nachagua, mama," nikajibu bila kufungua mdomo.

Nilivumilia, wallahi nilivumilia, mpaka mmoja alipofika mahali ambapo hata daktari huomba ruhusa. Nikajipiga kofi. Kuti likatikisika. Nyuki angenichoma mara moja, mwiba ukabaki kwangu, akafa. Nyigu mwiba wake anaondoka nao. Mmoja alinipiga sikioni, akarudi mdomoni, akarudi tena mdomoni.

Jinsi nilivyoshuka sijui. Najua kifua changu kilipita kwenye kila kidato, na kanzu ilinasa kwenye kigutu cha kuti. Mimi nikashuka, yenyewe ikabaki inapepea juu kama tanga la jahazi. Nikatua na bukta. Mama mkwe alikuwa amejifunika uso kwa kanga, lakini kanga ilikuwa inatikisika.

Baba mkwe akatoka ndani. Akatazama kanzu yake, akanitazama mimi.

"Maji moto wangu hukuwaua lakini?"

Kumbe ndio walinzi wake! Wanamfukuza mdudu anayefyonza vidaka, zile nazi changa, vikapukutika kabla ya kukomaa.

Alasiri mkwezi akaja, kifua wazi. Kabla hajaugusa mnazi aliutazama mwembe, akalivuta kando lile tawi, akalifunga. Akapanda upande usio na nyigu, akaangua madafu sita na kanzu moja. Kanzu akaikunja vizuri, akanikabidhi bila neno. Dafu la kwanza nikapewa mimi, mgeni. Nikashindwa kulinywa; mdomo wenyewe ulishakuwa dafu.