Leo ya Lini?

Juzi jioni mama mdogo alinipigia simu akihema. Godoro limeshafungwa, sufuria zimo mfukoni, watoto wamevaa viatu. Kikundi cha familia kilikuwa kimeleta odio: "Bandugu, mutoke Goma, leo usiku ziwa itapasuka!" Nikaisikiliza mara tatu. Nyuma ya sauti kuna mbwa anabweka, kisha mtoto anaita "mama". Mbwa yule namjua. Odio ileile niliipokea Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipotapika na kata 10 kati ya 18 za mji wetu wa Goma, mashariki mwa Kongo, zikaamriwa kuhama. Nilitembea nayo usiku kucha hadi mji jirani wa Sake.

Nimekasirika, wala si kwa mama mdogo. Gesi imo kweli chini katika maji ya ziwa letu, Kivu, na ziwa Nyos la Kamerun lilipopasuka mwaka 1986 gesi yake iliua watu wapatao 1,700. Uongo unaotutoa vitandani huwa na chembe ya ukweli ndani yake. Anayemwita mama huyo mjinga anamtukana bure.

Elimu ya kuchambua habari si jambo la jana. Tamko la Grünwald, lililotaka somo hilo lifundishwe, ni la 1982. UNESCO ilitoa mtaala wa walimu mwaka 2011, ikautengeneza upya 2021, mwaka uleule tuliokuwa njiani na magodoro kichwani. Mtaala wa walimu! Lakini mimi nimekutana na somo hili hotelini: semina ya siku mbili, kwa Kifaransa, kwa sisi wanahabari ambao kuhakiki ndiyo kazi yetu. Haya, nakubali, nilijifunza kutafuta asili ya picha kwenye intaneti, na inanisaidia.

Ila Goma hatukimbizwi na picha. Tunakimbizwa na sauti, sauti ya Kiswahili chetu, yenye kilio, isiyo na uso wala tarehe. Ikitumwa upya baada ya miaka, simu inaonyesha saa ya leo. Kwa picha kuna pa kutafutia. Kwa odio tuna sikio, na sikio hufundishwa. Nani anasema? Yuko wapi? Amejuaje? Anasema "leo usiku": leo ya lini?

Madarasa ya mwanzo ya msingi husomesha kwa Kiswahili. Somo lianzie hapo, mwalimu na simu moja na odio tatu. Swali la "leo ya lini?" halihitaji Kifaransa wala diploma. Yule mtoto wa mama mdogo aliyesimama mlangoni na viatu, akilia, ana miaka minane.