Wiki mbili Battambang hazitoshi

Nilikuwa nimeandika rangi saba ubaoni, kwa chaki nilizonunua mwenyewe, nikaanza na nyekundu. Kabla sijafika ya pili, msichana mmoja wa mstari wa mbele, umri wake kama miaka tisa, akazitaja zote saba kwa Kiingereza kutoka juu hadi chini, akanyamaza, akakunja mikono juu ya dawati na kunisubiri. Hakuwa na jeuri hata kidogo. Rangi alikuwa amezijua siku nyingi, na alikuwa amejua pia kwamba mgeni akija huanza na rangi.

Mtoto yule nilimfahamu kwa sababu nimewahi kuwa yeye. Shule niliyosoma Morogoro ilipokea wageni wa kujitolea kila mwaka, Juni mpaka Agosti, Ulaya wakiwa likizo. Tuliwaita mavolontia. Kila aliyekuja alianza na rangi, akaenda viungo vya mwili, ikapigwa picha ya pamoja, ikawa kwaheri. Mwalimu wetu wa darasa alikaa nyuma akisahihisha madaftari mpaka wageni waishe. Mmoja wao nilimpenda mno. Alinisuka nywele, akaniahidi kwamba atarudi. Alikaa siku 12. Mimi nilimsubiri mwaka mzima, na kila gari jeupe lilipokata kona ya shule nilisimama kuangalia.

Sasa nilikuwa mimi mwenye chaki, Battambang, Kambodia, kwa mpango wa wiki mbili niliolipia pesa zangu. Jioni ile nilirudi chumbani nikiwa na aibu. Wiki mbili zimekuwa mwaka mmoja na miezi minne, na ninachotaka kuwaambia ndugu zangu wanaoniandikia wakiomba niwatafutie nafasi ya kujitolea huku ni hiki: kama una wiki mbili tu, njoo kama mtalii, lala, kula, lipa, uondoke. Usiingie darasani. Usiingie kwenye kituo cha watoto. Na kama unataka kweli kufaa watu wa mji kama huu, njoo ukae.

Battambang iko kaskazini-magharibi, kilomita 290 hivi kutoka mji mkuu, Phnom Penh, kwa barabara kuu namba 5, ile inayoendelea mpaka Thailand. Sensa ya 2019 iliukuta mji una watu kama 120,000. Mto Sangker unapita katikati, maghorofa ya zamani ya Wafaransa yamejipanga ukingoni, na mkoa mzima unasifika kwa mchele. Watalii wengi hulala usiku mmoja au miwili. Hupanda kile kitoroli cha mianzi kinachokimbia relini, huenda mlima wa Phnom Sampeau kuona popo jioni, asubuhi wako kwenye basi la Siem Reap.

Mji wenyewe unaanza kukufungukia baadaye. Mama anayeniuzia num banh chok, tambi za mchele zenye mchuzi wa samaki, karibu na soko la Psar Nath, haniiti kwa jina. Ananiita oun, yaani mdogo wangu, nami namwita bong, yaani dada mkubwa. Mwanamke wa rika la mama yangu ni ming, mzee wa kiume ni ta, bibi ni yeay. Huwezi kumsemesha mtu kabla hujapima umri wake moyoni, na ukimpima vibaya uso wake utakuambia. Kwa mtu aliyelelewa na shikamoo, jambo hili liliniingia upesi kuliko chochote. Na kila asubuhi swali la mama huyu ni moja: nyam bay haoy reu nov? Ukilifungua neno kwa neno unapata: umeshakula wali au bado? Hilo haoy linafanya kazi ya "-sha-" yetu, na nov ni "bado" kabisa. Nilikuwa nimelisikia swali hilo kila siku kwa wiki sita nikidhani ni bei. Siku nilipolielewa nikajibu bado, na bong akaacha mteja mwingine akaja kunipakulia.

Hayo huyapati kwa wiki mbili. Wala ufundi wa kazi huupati. Chukua jambo dogo la matamshi. Wanafunzi wangu, ambao lugha yao ni Kikhmer, lugha ya Kambodia, huimeza konsonanti ya mwisho, na s ya mwisho kwao hugeuka kuwa pumzi tu. Sisi wa Kiswahili tunafanya kinyume: konsonanti ya mwisho tunaipa irabu, kitabu cha Waingereza kikawa buku. Kwa hiyo neno la Kiingereza la mchele, rice, mwanafunzi wangu analikata kabla halijaisha, na mimi nikichoka naliachia i nyuma yake. Tuliliweka darasa zima kiganja mbele ya mdomo, kila mtu asikie upepo wa s ukigonga ngozi. Ilichukua miezi mitatu, jioni baada ya jioni, mpaka wakaacha kuumeza. Volontia wa siku 12 hajui hata kwamba tatizo hilo lipo. Akiondoka, anakuja mwingine, anaandika nyekundu ubaoni.

Kazi ya mshahara niliitafuta kwa shida, na Mwafrika anayepanga safari anastahili kulijua hilo kabla hajakata tiketi. Shule ya kwanza niliyoiandikia ilinisifu mpaka nilipotuma picha, ikajibu kwamba wazazi wanataka mwalimu mzungu. Ya pili haikujibu. Ya tatu ni ndogo, ya vipindi vya jioni. Mwenye shule alisema hana uhakika nami, akanipa darasa moja kwa wiki moja, akaja kukaa nyuma kila siku. Mwisho wa wiki akanipa madarasa matatu. Nalipwa kwa saa, si pesa nyingi, lakini zinalipa kodi na chakula na kinachobaki kinafika nyumbani. Viza ya utalii ni ya siku 30. Anayetaka kazi aingie na viza ya kawaida, ile ya herufi E, aiongeze muda akiwa ndani ya nchi, kisha afuatilie kibali cha kazi. Uje na akiba ya miezi mitatu, maana ubaguzi upo.

Na hapa lazima niseme jambo zito. Ukiahidiwa kazi ya huduma kwa wateja Thailand au Kambodia, tiketi ya bure, mshahara mnono, mwajiri humjui, usipande ndege hiyo. Tangu 2022 serikali ya Kenya imekuwa ikiwaokoa vijana wake waliodanganywa hivyo, wakapelekwa Myanmar na Laos, wakafungiwa kwenye majengo na kulazimishwa kutapeli watu mtandaoni. Kambodia nayo ina majengo ya aina hiyo. Kazi halali ya kufundisha hukutaka ujitegemee nauli na hukuhoji kuhusu masomo yako. Hao wengine wanataka pasi yako tu.

Turudi kwa watoto. Kati ya 2005 na 2010 vituo vya kulelea watoto Kambodia viliongezeka kutoka 154 hadi 269. Hapakuwa na vita miaka ile, wala maafa yaliyozalisha yatima. Kilichoongezeka ni watalii wenye huruma na pesa mkononi. Wengi wa watoto wa vituo hivyo wana angalau mzazi mmoja aliye hai. Mzazi ni maskini, pengine amekwenda kutafuta kibarua Thailand, anaambiwa mtoto atasoma na kula akiwa kituoni, anamtoa. Kisha mtoto anakuwa ndiye kivutio. Mgeni anacheza naye, anambeba, anapiga picha, anatoa dola, anaondoka. Keshokutwa yuko mwingine wa kubebwa naye. Nikifikiria nilivyosubiri lile gari jeupe, na mimi nilikuwa na mama nyumbani wa kunifuta machozi, najiuliza mtoto wa kituoni anasubiri mangapi. UNICEF na wenzake wamelipigia kelele jambo hili zaidi ya miaka kumi. Nasi tunalijua, maana vituo kama hivyo tunavyo Arusha, tunavyo Mombasa. Sikubali kwamba Mwafrika akigeuka mgeni aruhusiwe kufanya alichokuwa akifanyiwa.

Mji wenyewe unajua kufanya mambo yake. Phare Ponleu Selpak, shule ya sanaa na sarakasi iliyoanzishwa hapa 1994 na vijana waliorudi kutoka kambi ya wakimbizi mpakani, imewafikisha watoto wa Battambang kwenye majukwaa ya nje ya nchi. Wanachohitaji kwako ni kwamba ununue tiketi na upige makofi.

Nikiulizwa msaada wa kweli ukoje, jibu langu linatoka nyumbani Morogoro. Pale Chuo Kikuu cha Sokoine, shirika la APOPO linafundisha panya buku kunusa baruti. Kambodia ilipandwa mabomu ya ardhini kwa miaka ya vita, hasa ukanda huu wa mpaka wa Thailand, na tangu 1979 yameua watu karibu 20,000. Panya buku hana uzito wa kulipua bomu. Lakini hapelekwi hivihivi. Anafunzwa miezi kama tisa, anapimwa, akifeli haendi. Magawa, aliyezaliwa Morogoro, alifika Kambodia 2016 akafanya kazi miaka mitano, akanusa zaidi ya mabomu na vilipuzi 100. Eneo la uwanja wa tenisi alilimaliza kwa nusu saa, wakati mtu mwenye kifaa cha kunusia chuma angeweza kutumia mpaka siku nne. Mwaka 2020 shirika la Uingereza la kutibu wanyama, PDSA, lilimvisha medali ya dhahabu. Alifariki Januari 2022.

Nampenda panya yule kwa dhati, na najivunia kwamba ametoka kwetu. Alijifunza kwanza. Alikuja na ujuzi ambao mahali hapa haukuwepo. Alikaa mpaka umri ukamstaafisha. Sisi watu tunaruka na begi la mgongoni na moyo mzuri, halafu tunashangaa kwamba mtoto wa miaka tisa anatujua kuliko tunavyojijua.

Mwezi uliopita mwalimu mwenzangu alinipakia kwenye pikipiki kwenda kwao Rotonak Mondol, njia ya Pailin. Tulipita Phnom Sampeau, mlima wenye mapango ambamo Khmer Rouge, watawala wauaji wa Kambodia wa miaka ya 1970, waliwasukumia watu. Tulisimama pale jioni. Popo walianza kutoka kama moshi, mkanda mmoja mweusi usiokatika, wakielekea mashamba ya mpunga kula wadudu, na harufu yao ikatufuata mpaka barabarani. Wakulima wanawaheshimu popo hao. Mwenzangu hakusema neno kuhusu mapango, nami nilikuwa nimeshajifunza kutouliza. Ndugu zake wa kizazi kilichopita hawatajwi mezani.

Asubuhi yake baba yake, ambaye namwita ta ingawa si mzee sana, alinionyesha shamba. Mguu wake wa kushoto ni wa bandia, chini ya goti. Aliinua fimbo akachora hewani mpaka wa shamba: kutoka mti ule hadi kijito kulikuwa na vibao vyekundu vyenye fuvu, miaka mingi, ng'ombe tu ndio waliokuwa wakiingia na baadhi hawakutoka. Shamba lake lilisafishwa na watu, si panya, hatua kwa hatua wakiwa wamepiga magoti. Ila panya aliwaona kwenye televisheni. Alipojua nimetoka nchi moja nao alinishika mkono akauliza kama ni kweli wana ukubwa wa paka. Huku panya wa mpunga huchomwa na kuuzwa kando ya barabara, kwa hiyo swali la pili lilikuwa kama tunawala. Nikamwambia baadhi ya watu wa kusini wanawala, ila wale wa Sokoine, hapana, wale wana kazi.

Shambani sasa kuna mihogo. Mingi huikata vipande na kuianika kwenye turubai ili iuzwe, lakini siku hiyo mkewe alichemsha sufuria moja, akaileta na sukari na nazi iliyokunwa. Akaniuliza swali la kila siku, nikajibu bado. Nikamwambia kwetu tunaila na chai ya rangi asubuhi. Akaenda kuweka maji motoni.