Sekunde moja na nusu haitoshi kusalimia

Shangazi yangu anakaa Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa. Ana sukari na presha, na kliniki anayotibiwa ilinunua mtambo wa kuwapigia wagonjwa simu kuwakumbusha siku zao. Jambo jema, na niliposikia nilifurahi. Mwezi uliopita mtambo huo ulimpigia mara tatu. Mara zote tatu alipokea, na mara zote tatu ukamkatia bila kusema neno. Siku ya kliniki ikampita. Jioni moja natoka kazini nikamkuta barazani, simu mapajani, uso umemshuka. Akaniambia, "Mwanangu, watu wa hospitali wananichezea. Nawasalimu, wananikatia."

Kazi yangu ni mitambo ya simu. Nimefunga swichibodi za mahoteli Nyali na za mawakala wa forodha karibu na bandari, kwa hiyo nikamuuliza swali la kifundi: "Shangazi, ukipokea unasemaje?"

Akanitazama kwa mshangao. "Nasema kama watu wasemavyo. Haloo, salaam alaykum, nani mwenzangu, hamjambo huko?"

Hapo nikajua. Mtambo ulimhesabu shangazi kuwa mashine.

Mitambo inayopiga simu yenyewe huwa na sehemu ya kupambanua kama aliyepokea ni mtu au ni mashine ya kurekodi ujumbe. Kanuni yake ni nyepesi mno: mtu akipokea husema neno moja, kisha hunyamaza kumsikiliza aliyempigia. Mashine hujieleza moja kwa moja: hatupo, acha ujumbe, asante. Basi sauti ikirefuka bila kituo, mtambo unaamua hii ni mashine na kukata. Kanuni hiyo imetoka kwa watu wanaopokea simu kwa "Hello?" basi. Haikutoka Mji wa Kale, ambako mtu akipokea simu kwa neno moja akanyamaza, unamuuliza kuna msiba gani.

Nilienda kliniki. Walinipokea vizuri, siwezi kuwalaumu wauguzi wala karani, wao waliletewa kitu kilichokwisha fungwa. Wakanipa namba ya fundi wa kampuni iliyowauzia. Tulizungumza kwa adabu. Nikamweleza tatizo, nikamwomba aniambie tu kikomo cha salamu kimewekwa sekunde ngapi. Akanijibu, "Hiyo imo ndani ya DSP, ndugu yangu. Imetoka kiwandani hivyo. Haiguswi." DSP ni ile sehemu ya mtambo inayoichakata sauti kwa hesabu. Namwamini. Naye pia amefungiwa nje ya mtambo anaouuza.

Neno hilo "haiguswi" ndilo lililonikosesha usingizi.

Jumamosi nikamleta shangazi kwangu, nikamkalisha mezani na kahawa na kashata. Kwenye kompyuta yangu nina Asterisk, swichibodi ya programu huria ambayo yeyote anaweza kuichukua bure na kuusoma msimbo wake wote, yaani maagizo yanayoiendesha. Nikampigia kwa mtambo huo, akapokea kama kawaida yake, nikairekodi sauti na kuifungua kwenye skrini. Salamu yake ilikuwa pale, vilima na mabonde. "Haloo" peke yake ilikaribia sekunde nzima, maana shangazi huivuta. Kisha salaam alaykum, pumzi kidogo, nani mwenzangu, hamjambo huko. Jumla sekunde tatu na nukta nne.

Halafu nikafungua faili la mipangilio linaloitwa amd.conf. Salamu: milisekunde 1500, yaani sekunde moja na nusu. Ndiyo namba inayokuja na Asterisk yenyewe usipoibadilisha, na nalikiri hilo wazi kwa sababu sitaki mtu aje aniambie nimeficha. Kilicho wazi nacho huja na dhana za waliokiunda. Lakini namba hii niliiona kwa macho yangu. Iko kwenye mstari wake, na jina lake, na maelezo mafupi pembeni. Chini yake kuna idadi ya juu ya maneno, ambayo nayo shangazi aliivuka kabla hajafika "mwenzangu". Kuna milisekunde 800 za kimya baada ya salamu ndipo mtambo umkubali kuwa ni mtu. Kuna milisekunde 5000 za kufanya uamuzi wote. Na ukitaka kujua mtambo unaitaje kitu "kimya", unafungua faili la dsp.c na kusoma: sauti ya simu huletwa sampuli 8000, yaani vipimo vidogo vya sauti, kila sekunde, mtambo unachukua kipande kidogo, unajumlisha ukubwa wa sampuli zake bila kujali chanya au hasi, unagawa kupata wastani, na wastani ukizidi 256 hiyo ni sauti, usipozidi hicho ni kimya. Ndiyo siri yote ya "ndani ya DSP". Hesabu ya kujumlisha na kugawa, ambayo mtoto wa darasa la sita pale Makadara ukimwekea mbele ataifanya.

Nikaipandisha salamu hadi 4500, nikaongeza idadi ya maneno, nikampigia tena. "Haloo, salaam alaykum, nani mwenzangu, hamjambo huko?" Kimya kidogo. Kisha sauti niliyoirekodi mwenyewe ikamjibu: "Alaykum salaam, shangazi. Alhamisi ni siku yako ya kliniki." Akaishika simu kwa mikono miwili akacheka.

Ilinichukua chini ya saa moja, na kahawa ndani yake.

Kuna watakaosema nimekuza jambo dogo. Kwangu mimi jambo hili ndilo lenyewe. Kila mtambo wa simu unaosikiliza binadamu una mtu aliyekaa mahali akaamua binadamu anasikika vipi: anyamaze kiasi gani, aseme kwa haraka gani, asimame wapi. Maamuzi hayo yameandikwa kama namba. Mtambo ukiwa wazi, namba ni maoni ya mtu, na mimi naweza kumjibu kwa maoni yangu. Ukifungwa, namba inakuwa sheria, na mwanamke wa miaka sabini anaanza kujiuliza amewakosea nini watu wa hospitali. Barazani pale niliwauliza wazee wengine. Wawili walikuwa wamekatiwa vilevile, na kila mmoja alidhani ni yeye peke yake, akanyamaza kwa haya.

Na kusema kweli, ningekuwa na ufunguo wa mtambo ule nisingebadilisha hata namba. Ningeizima sehemu hiyo kabisa. Ni nani mtaani kwetu ana mashine ya kurekodi ujumbe nyumbani? Mtambo ungeanza wenyewe kwa salamu, ukajitaja, ukasubiri kuitikiwa. Mpigaji ndiye wa kujitambulisha kwanza, hata mtoto hufundishwa hivyo.

Mlango huu wa mitambo iliyo wazi ulifunguliwa na watu, haukujifungua. Miaka ya 1990 ukitaka kompyuta ipokee simu ulinunua kadi yenye chipu zake za kuchakata sauti, kila kampuni na kadi yake, kila kadi na programu yake iliyofungwa, kwa bei ambayo ofisi ndogo haikuiweza. Mmarekani mmoja, Jim Dixon, akapiga hesabu akaona prosesa ya kompyuta ya kawaida imeshapata nguvu ya kufanya kazi hiyo yenyewe. Akaunda kadi nyepesi ya kuileta tu sauti ndani ya kompyuta, akaiita Tormenta, na michoro yake akaitoa bure. Mradi wake akaupa jina la Zapata, yule mwanamapinduzi wa Meksiko aliyedai ardhi irudi kwa wakulima. Mark Spencer naye, kijana asiyekuwa na pesa za kuinunulia kampuni yake changa swichibodi, alianza kuandika Asterisk mwaka 1999. Kazi mbili hizo zikakutana, na ndiyo sababu mimi leo nina riziki. Kuhusu mwangwi, ule wa kusikia sauti yako ikikurudia, David Rowe wa Australia aliandika Oslec, programu ya kuuondoa, na kuitoa bure pia.

Mfano mmoja wa kazini, halafu niendelee. Wakala mmoja wa forodha alinilalamikia kwamba wateja wakibonyeza 2 kuuliza kontena, mtambo hausikii. Kila kitufe cha simu hutoa milio miwili kwa pamoja, 2 ni hezi (mitetemo kwa sekunde) 697 na 1336, na mtambo wake ulikuwa umetegwa kuisikiliza milio hiyo ndani ya sauti, huku anayempa laini akiituma tarakimu pembeni, kwa pakiti zake maalumu. Wawili hao walikuwa wanapishana. Nilisoma logi, yaani kumbukumbu za mtambo, nikabadilisha mstari mmoja, nikateremka ngazi. Kwa mtambo uliofungwa ningeandika barua pepe na kungoja wiki.

Nakubali yaliyo ya kukubali. Kadi za kampuni kubwa huhimili simu nyingi kwa wakati mmoja bila kuchoka, na zina dhamana. Kliniki haina fundi wa kudumu, inataka mtu wa kumpigia kelele kitu kikiharibika. Na swichibodi huria iliyofungwa kizembe, nywila 1234, mlango wazi kwenye intaneti, wezi wataipigia simu za ng'ambo usiku kucha na bili itamwangukia mwenye ofisi. Nimeyaona. Hayo ni mambo ya kuajiri mtu anayejua kazi. Hakuna hata moja kati yake linaloeleza kwa nini kikomo cha salamu kiwe siri.

Tangu 2009 nyaya za chini ya bahari zinatua hapa hapa Mombasa. Sauti na data za nchi kadhaa zinapita kwenye mwambao wetu, vijana wetu wanasoma mawimbi na hesabu zake chuoni, halafu wakitoka wanaletewa sanduku lenye lakiri na kuambiwa kazi yao ni kuliwasha na kulizima. Inaniuma. Nina mwanafunzi wa mafunzo kazini, binti wa Likoni, ana akili ya moto. Nilipomwonyesha dsp.c alikaa nayo siku mbili, akarudi kuniuliza kwa nini kizingiti cha kelele, ile 256, ni kile kile kwa mtu aliye chumbani na mtu aliye kivukoni honi za feri zikilia. Swali hilo fundi wa "haiguswi" hajawahi kupata nafasi ya kujiuliza.

Kwa hiyo ombi langu kwa kliniki, na kwa yeyote anayeandika zabuni ya mtambo wa simu hapa Pwani, hospitali, maji, kaunti: andikeni kwamba mipangilio yote inayoamua jinsi sauti ya mtu inavyosikilizwa iwe wazi kwa mnunuzi na ibadilike bila kumrudia muuzaji. Msimbo ukiwa huria, bora zaidi. Nimeipelekea kliniki barua yenye rekodi ya shangazi na vipimo vyake, kwa idhini yake. Wamesema watalitazama mkataba ukifika mwisho, yaani mwakani.

Shangazi hakungoja mwakani. Anataka dawa zake. Alinisikia nikieleza yale ya milisekunde na akaelewa alichohitaji kuelewa. Jana nilimpigia mimi mwenyewe, kwa laini mpya ambayo hana jina lake. Akapokea. Akasema "Haloo," kwa ufupi, akanyamaza. Nikangoja salamu. Haikuja.