Ndege tulivu au ndege tiifu?

Aliyewahi kupanda ndege ndogo ya Caravan kutoka Arusha kwenda Seronera, Serengeti, anaijua mizani. Begi linapimwa, pengine na wewe mwenyewe unapimwa mbele za watu, halafu rubani anatazama karatasi yake na kuanza kupanga watu: "Mzee, wewe njoo huku mbele. Dada, kaa pale katikati." Wageni hudhani ni ukarimu. Kumbe anatafuta kitovu cha uzito. Uzito ukikaa mbele ya kutosha, upepo ukinyanyua pua, mkia unairudisha wenyewe. Uzito ukirudi nyuma kupita kiasi, pua ikinyanyuka kidogo inataka kunyanyuka zaidi, na hapo rubani hana tena ndege, ana ugomvi.

Huo ndio utulivu katika lugha ya marubani: ukiiacha, ndege inarudi ilikokuwa. Lakini utulivu una bei. Ndege inayopenda kurudi ilikokuwa ni hiyohiyo inayokataa kugeuzwa. Tena mkia unaoituliza kwa kawaida huwa unasukuma chini, kwa hiyo mabawa yanabeba uzito wa ndege pamoja na mzigo wa mkia, na mafuta yanaungua kwa ajili hiyo. Ni kama matengo ya ngalawa: yanakuzuia usipinduke, na wakati huohuo unayakokota majini safari nzima.

Ndugu Wright wa Marekani, waliorusha ndege ya kwanza ya injini, walichagua upande wao mapema. Ndege yao ya 1903 haikuwa tulivu hata kidogo. Safari ya kwanza ilidumu sekunde 12, ikipanda na kushuka kama inayotafuta kitu. Hawakushtuka. Walikuwa mafundi baiskeli, na baiskeli nayo isipokuwa na mtu juu yake huanguka. Ulaya, wabunifu wengi walitaka kinyume chake: ndege ijishikilie yenyewe, rubani kazi yake iwe kuelekeza tu. Mabishano hayo yapo hadi leo, ila sasa katikati yao imeingia kompyuta.

Wanaoitetea kompyuta wana hoja nzito, na sioni haya kusema kwamba kwa sehemu kubwa wameshinda. F-16, ndege ya kivita ya Marekani, ilipunguziwa utulivu makusudi ili igeuke upesi. Bila kompyuta kuirekebisha mara nyingi kila sekunde, binadamu asingeiweza. Kwenye ndege za abiria, Airbus A320 ilianza kazi mwaka 1988 ikiwa na kompyuta isiyomruhusu rubani kuinua pua kupita kiwango ambacho mabawa yanaweza kubeba. Tarehe 15 Januari 2009, A320 iliyopoteza injini zote mbili kwa ndege wa angani ilitua kwenye mto Hudson, New York. Watu wote 155 walitoka hai. Rubani alikuwa akivuta karibu na ukomo, na kompyuta ndiyo iliyohakikisha ukomo huo hauvukwi.

Ila kompyuta ikikaa kati ya mkono na bawa, huwa kuna wawili wanaoendesha. Tarehe 20 Januari 1974 ndege ya majaribio ya F-16 ilitakiwa ikimbie ardhini tu, isipae. Ikaanza kulala huku na huku; kila rubani akisahihisha, ndege inazidi, kwa kuwa usukani ulikuwa mkali mno na kila sahihisho lilikuwa jibu la kosa lililokwisha kupita. Rubani huyo, Phil Oestricher, akaona kilicho salama zaidi ni kupaa kabisa, akapaa, akazunguka, akatua. Gripen, ndege ya kivita ya Sweden, haikuwa na bahati hiyo: ilianguka 1989, ikaanguka tena mbele ya umati Stockholm mwaka 1993, mara zote mbili na rubani yuleyule, Lars Rådeström, ambaye mara zote mbili alinusurika.

Sasa tuje kwenye msiba uliotugusa sisi. Jumapili ya 10 Machi 2019, saa 2:38 asubuhi, Boeing 737 MAX ya Ethiopian Airlines iliondoka Bole, Addis Ababa, kwenda Nairobi. Dakika 6 baadaye ilikuwa imeingia ardhini karibu na Bishoftu. Walikufa 157, na Wakenya walikuwa wengi kuliko raia wa nchi nyingine yoyote. Miezi minne na ushei nyuma, ndege ya aina hiyohiyo ya Lion Air ilikuwa imeua watu 189 nchini Indonesia.

Mitandaoni hadi leo husemwa kwamba MAX ni ndege isiyo tulivu iliyoshikiliwa angani na kompyuta. Si kweli, hiyo ni F-16. 737 ilibuniwa miaka ya 1960 ikiwa fupi ya miguu, na injini mpya kubwa zikabidi zisogezwe mbele na juu. Pua ikinyanyuka sana, ganda la injini nalo linaanza kubeba, na usukani ambao sheria inataka uzidi kuwa mzito kadiri unavyouvuta unakuwa mwepesi. Tatizo lilikuwa mkononi mwa rubani kabla ya kuwa angani. Boeing ikaweka programu ya MCAS kusukuma pua chini ili usukani uhisike kama wa 737 za zamani, na marubani wa zamani wasihitaji mafunzo ya simyuleta. Mwanzoni iliruhusiwa kuusogeza mkia nyuzi 0.6 tu, baadaye 2.5. Ilisikiliza kihisi kimoja tu cha kupima kuinuka kwa pua. Na haikuelezwa kwenye kitabu cha rubani.

Asubuhi ile kihisi cha kushoto kilidai pua imeinuka nyuzi 74.5, wakati cha kulia kinaonyesha karibu 15. Usukani ukaanza kutetemeka kuonya. MCAS ikasukuma pua chini, marubani wakaivuta, ikasukuma tena. Wakazima umeme wa trimu, yaani wa kusogeza mkia, kama walivyoelekezwa baada ya Lion Air, wakajaribu kuusogeza kwa kuzungusha gurudumu lake kwa mkono. Halikuzunguka, mwendo ulikuwa mkubwa, hewa imeubana mkia.

Kuna wanaosema marubani nao walichangia, kwa sababu injini ziliachwa kwenye nguvu ya kupaa. Wachunguzi wa Marekani na Ufaransa waliilalamikia ripoti ya Ethiopia kwa kutolizingatia hilo ipasavyo. Ni hoja halali, mwendo ndio uliolifunga gurudumu. Lakini ipime na jambo hili: Boeing ilikadiria rubani atajibu ndani ya sekunde 4, na mwaka 2012 rubani wake wa majaribio kwenye simyuleta alichukua zaidi ya 10.

Ubora wa kuendesheka una kipimo chake, cha Cooper na Harper cha 1969: rubani wa majaribio anafanya kazi fulani, halafu anatoa namba, 1 raha tupu, 10 ndege itakayomponyoka. Nakipenda kwa sababu kinapima jasho. Udhaifu wake ni kwamba anayetoa jasho hilo anajua anajaribiwa nini. Pale Bole hawakujua.

Wapinzani wa kompyuta wasishangilie haraka, maana Airbus nayo ina lake. Air France 447, 1 Juni 2009, watu 228 walikufa. Barafu iliziba mirija ya kupima mwendo juu ya Atlantiki, otopailoti ikajitoa, ulinzi wa kompyuta ukapungua. Ndege ya kawaida ikipoteza mwendo huinamisha pua yenyewe, na mkono unajua. Airbus haifanyi hivyo. Pua inabaki ulipoiweka huku mwendo ukiisha. Rubani mmoja alikuwa akivuta kijiti chake cha kuendeshea, na cha mwenzake hakikusogea hata nukta. Mwendo ulipopungua mno, onyo la kwamba mabawa yameacha kubeba lilinyamaza, wakishusha pua linaanza tena, kana kwamba linawaadhibu kwa kufanya lililo sahihi.

MCAS ya sasa inalinganisha vihisi viwili, inasukuma mara moja tu kwa tukio, na rubani akivuta anaishinda. Kwa vijiti, ndege binafsi ya Gulfstream G500 iliyopata cheti 2018 imeviunganisha: mmoja akivuta, cha mwenzake kinasogea. Vya Airbus zinazotoka kiwandani leo bado havijuani.