Hapa nalipwa hata mwanafunzi asipokuja

Wiki iliyopita mama wa mwanafunzi wangu alinitumia ujumbe asubuhi: mtoto ana homa, leo haji kwenye somo la nyatiti, ile ala ya nyuzi ya Wajaluo. Akaongeza kwamba ada ya mwezi iko pale pale, kama mkataba unavyosema. Nilifurahi kuliko nilivyofurahia shoo yoyote mwaka huu. Hapa Ujerumani ada ya masomo ya muziki kwa kawaida hugawanywa sawasawa kwa miezi 12, shule zikifungwa au zisifungwe. Mwalimu naye anakula Agosti.

Nairobi sote tunajua ingekuwaje. "Mwalimu, wiki hii mtoto hakuja, kwa hivyo tutakata." Shule moja huko ilikuwa ikiniita kila muhula wa pili kuwaandaa watoto kwa tamasha la muziki, yale mashindano yaliyoanza 1927 na ambayo hadi leo yanatukosesha usingizi. Ahadi ilikuwa tukifika fainali za kitaifa ndipo nilipwe. Tukafika. Mwalimu mkuu akapigwa picha na kombe, mimi nikapewa soda na nauli.

Najua kuna anayesema tayari, "Ameenda majuu, sasa anatudharau." Hapana. Sijaona Berlin mpigaji wa kuwafikia wazee niliokuwa nikiwasikiliza Kaloleni na Kariobangi. Mwanafunzi wa hapa asipowekewa nota mbele yake anaganda, ilhali kijana wa kwetu akisikia wimbo jioni, asubuhi anaupiga, na pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu inagonga mdundo yenyewe. Kipaji tumejaliwa sisi. Ninagombana na malipo tu.

Mwingine atasema Wajerumani wana pesa, sisi hatuna. Sikubali. Nionyeshe harusi ya Nairobi ambayo tenti hufika bila malipo ya kutangulia. Wa tenti amelipwa, wa keki amelipwa, dijei amelipwa, hata kijana wa kurusha droni amelipwa. Mpiga nyatiti ndiye anayeambiwa, "Wewe ni wetu, njoo tu, utabarikiwa." Pesa ipo!

Hoja inayonichoma zaidi ni ile kwamba muziki wa asili ni mali ya jamii, kwa hivyo haulipiwi. Wanaoitoa hawaijui hiyo asili. Sisi Wajaluo tuna pakruok. Mtu akitaka kujisifu, au kumsifu shemeji yake mbele ya watu, anatoa pesa kwanza, ndipo mpigaji anatuliza nyuzi zake nane ampishe aseme. Mwingine anatoa zaidi ili naye asikike, na usiku kucha mwendo ni huo. Babu zetu walilipa muziki uendelee, wakalipa pia unyamaze. Huu mtindo wa bure tumeubuni sisi wa mjini, kwenye mikutano ambapo wachezaji wanasimama juani tangu asubuhi wakimsubiri mheshimiwa, kisha wanaondoka na leso.

Hapa kuna bima ya wasanii, Künstlersozialkasse, iliyoanza kazi 1983. Msanii au mwalimu wa muziki anayejitegemea hulipa karibu nusu ya mchango wa matibabu na wa uzeeni. Nusu ya pili hutoka serikalini na kwa kampuni zinazotumia kazi za wasanii. Fomu zake zinaumiza kichwa, na kodi ya nyumba Berlin haina huruma, sitawadanganya. Lakini nikiugua, hakuna atakayelazimika kunifungulia kikundi cha mchango WhatsApp. Kwetu ni mara ngapi tumemchangia bili ya hospitali mtu yule yule tuliyemchezesha harusini bila kumlipa?

Sasa mtaala mpya wa Kenya umeleta mkondo wa sanaa na michezo katika sekondari ya juu. Ni jambo jema sana, na nauliza: nani atawafundisha watoto orutu, ile fidla yetu ya uzi mmoja? Mpigaji bora niliyewahi kumsikia hana cheti, na bila cheti TSC, tume ya walimu, haimsajili. Asije akaitwa tena muhula wa pili kwa nauli. Aandikiwe mkataba wa mwaka mzima, wenye kiasi, tarehe ya malipo, na likizo ndani yake.